Kilo Moja ya Udongo wa Soko la Mbuzi

Kwa mwaka mzima niliamini, kwa moyo wote na diploma juu yake, kwamba huko Muyinga kilima kizima kiliibiwa kwa mifuko ya sukari.

Habari hiyo niliipatia kwenye karakana yangu ya baiskeli, Musinzira, hapa Gitega. Aliyenipa ni mchuuzi wa mayai aliyetoka Muyinga na tairi lililopasuka. Alikaa juu ya kreti tupu akanisimulia taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mirathi. Walikuja watu wa mradi, akasema, wakaomba kila mwenye shamba awape kilo moja ya udongo wake. Kilo moja tu, ndani ya mfuko. Juu ya mfuko wakaandika jina na namba. Mifuko ikapanda gari, ikaenda. Tangu siku hiyo, mwenye kuushika mfuko ndiye mwenye shamba. Na mifuko yote sasa imo ndani ya kabati moja, na kabati lina ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo ndiye mwenye kilima.

"Na wenyewe je?" nikamuuliza, pampu mkononi.

"Wenyewe wanalima tu. Hawajui kama wanamlimia mtu."

Mtu mwenye akili zake angecheka. Mimi nilimzibia tairi bure, kwa shukrani, nikamwongezea na mafuta ya mnyororo.

Niseme kidogo kwa nini, maana sipendi mnione mjinga kabla hamjafika mbali. Wengi wetu wa kilima chetu cha Makebuko tulikulia Tanzania. Tulirudi watu wazima, kila nyumba na bahasha ya nailoni yenye karatasi za shamba ndani yake. Baba yangu aliondoka akiacha shamba. Aliporudi alikuta shamba lina watu, lina mbuzi, na lina migomba iliyokwisha kuzaa mara nyingi. Tulisuluhishwa, tukagawana, tukasalimiana, sina la kulalamika. Lakini mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba shamba linaweza kuondoka ndani ya mfuko wa sukari, hakuulizi litaingiaje. Anakuuliza mfuko wa kilo ngapi.

Kuhusu diploma: niliipata kwenye shule ya jioni. Kila jioni kwa miaka minne nilifunga karakana, nikanawa grisi, nikaenda kukaa kwenye madawati ya watoto wa msingi, magoti yakiwa sawa na masikio, nikijifunza usimamizi wa miradi. Siku ya kupewa diploma, Gitega nzima ilisimama. Mke wangu anasema ilisimama pikipiki moja, na hiyo iliishiwa mafuta. Tuyaache hayo. Niliitundika karakanani kati ya minyororo na rimu, na kwa kuwa hakuna mwingine kilimani aliyekuwa na kitu cha kutundika, ushirika ulipozaliwa nikafanywa katibu.

Ushirika wenyewe aliuzaa mama mmoja mjane, muuza mboga. Kila alipopeleka mchicha mjini alipita nyuma ya nyumba za Waislamu wanaofanya biashara ya mbuzi na ngozi, na kila alipopita aliona lundo la samadi limefika usawa wa dirisha. Majirani walinung'unika. Wenye mbuzi hawakujua wakaipeleke wapi. Na kule kwetu kilimani udongo ulikuwa umechoka kiasi kwamba ukipanda maharage yanakuangalia tu. Mvua ikinyesha, kilima kilikuwa kinahamia bondeni. Nilikuwa nawaambia wageni kwamba jirani yangu alilala akiwa na shamba juu yangu akaamka akiwa nalo chini yangu, na sikuwa mbali sana na ukweli.

Mama akaingia kwenye ua wa mfanyabiashara wa mbuzi, mzee tuliyemwita Haji, akamwambia, "Baba, hiki unachokitupa sisi tunakihitaji. Nasi tuna majani, wewe una mbuzi wenye njaa. Tukae."

Wakakaa. Nyumba ishirini na nne za kilimani, na Haji na ndugu zake wa mjini. Mama akawa mwenyekiti. Kisha akaja agronomu, yaani bwana shamba wa mradi wa kilimo, kijana mpole mwenye buti kubwa kuliko yeye, akatuambia kwamba samadi peke yake haitoshi, kwamba huenda udongo wetu ni mchachu, yaani una asidi, na dawa yake ni chokaa ya shamba. Lori moja la chokaa lingeweza kuja kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Lakini alitaka vitu viwili. Kwanza, udongo wa kila shamba upimwe. Pili, tuandike mpango wa biashara wa muda mrefu: siku mradi ukiondoka, nani ataendesha kazi, na kwa nguvu gani.

Kwa nani hasa lori hilo lilikuwa jambo zito, tulijua wote. Shamba la mwenyekiti lilikuwa katikati ya mteremko, na kwa misimu mitatu maharage yake yalitoka ya njano, mafupi, kama watoto wa surua. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa amekwisha kuanza kupita mpakani na kuhesabu miti kwa sauti. Mama alitutamkia wazi mkutanoni: "Msimu wa nne ukiwa hivihivi, namwachia shemeji shamba lake, naenda kuishi kwa binti yangu Muyinga. Nitalala kwenye kochi la wakwe mpaka nife. Basi."

Sote tukasema haitafika huko, mama. Tulisema kwa sauti kubwa sana.

Mimi nikajifungia kuandika mpango. Ndugu msomaji, mpango ule! Kurasa arobaini na moja. Nilichora miduara yenye mishale, na ndani ya miduara miduara mingine. Ukurasa wa kumi tulikuwa tunalisha kilima. Ukurasa wa ishirini tulikuwa tunalisha Gitega. Ukurasa wa thelathini nilikuwa nimekwisha kujenga kiwanda cha mboji chenye lango la chuma na mlinzi, na nchi jirani zinatuandikia barua za kutubembeleza. Agronomu aliusoma wote, ukurasa kwa ukurasa, bila kutabasamu, ambayo ni adabu kubwa. Kisha, mbele ya mkutano, akauliza:

"Bwana katibu, ni ukurasa wa ngapi unaosema nani atanunua chokaa mradi ukiondoka?"

Nikaanza kupekua. Naamini ningekuwa napekua mpaka leo kama asingenihurumia akabadilisha mazungumzo. Alifungua begi lake, akatoa mifuko. Mifuko midogo, myeupe. Juu ya kila mmoja, kwa wino mweusi, jina na namba.

"Kilo moja kwa kila shamba," akasema.

Damu ilinishuka mpaka kwenye soli za viatu. Nikamkumbuka mchuuzi wa mayai. Nikapokea mfuko wangu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayekabidhiwa sumu na mkubwa wake.

Sikusema kitu mkutanoni. Nilimnong'oneza jirani yangu mmoja tu, tukiwa njiani, naye akaniapia kwamba hatamwambia mtu. Baada ya siku tatu habari ilinirudia karakanani kwa mtu nisiyemjua, na ilikuwa imenenepa: sasa Muyinga walikuwa wamechukua vilima vitatu na kanisa. Nikaogopa zaidi, maana niliposikia kwa mtu mwingine niliona kumbe ni kweli. Aliyekuwa hajaambiwa ni mwenyekiti peke yake. Nani angethubutu kumwambia? Angetucheka, au angetupeleka kwa agronomu tumuulize mbele yake, na hapo tungekosa pa kuficha nyuso.

Sasa, kukataa mfuko hatukuweza: bila udongo hakuna chokaa. Kutoa udongo hatukuweza: tungetoa mashamba. Mtu wa diploma hutafuta njia ya tatu. Chini ya kilima chetu kuna uwanja wa soko la zamani la mbuzi. Soko lilihamishwa, uwanja ukabaki wa serikali ya mtaa, hauna mwenyewe. Nikajiambia: udongo usio na mwenyewe hauwezi kumpokonya mtu. Mwenye kuushika mfuko wangu atashika soko la mbuzi, na akalale nalo.

Nilikwenda saa sita mchana, jua likiwa kali, saa ambayo watu wako kwenye chakula. Nikamkuta mzee mmoja wa ushirika wetu amechuchumaa katikati ya uwanja, jembe dogo mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Natafuta kifungo changu."

"Kimeangukia hapa?"

"Nadhani. Na wewe?"

"Mimi napita."

"Na huo mfuko?"

"Huu? Nimeushika tu."

Tukaangaliana. Akaendelea kutafuta kifungo, mimi nikaendelea kupita, na nilipopita mara ya pili mzee hayupo, na mahali pa kifungo pana shimo. Nikachimba palepale, udongo mwororo, mweusi, unanukia mbuzi wa miaka. Nilipokuwa naondoka nikapishana na mama mmoja wa kwetu anayekuja na beseni kichwani. Akaniambia anaenda kuteka maji. Mto uko upande mwingine kabisa wa kilima.

Kufikia mwisho wa wiki, shimo lile lilikuwa kubwa kiasi kwamba ng'ombe angeweza kujifia humo bila mtu kujua. Na kila mmoja wetu aliamini kwamba yeye peke yake ndiye mjanja.

Majibu yalikuja baada ya wiki nyingi, mvua zikiwa zimekaribia. Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, Jumapili baada ya kanisa. Haji alipanda kutoka mjini kwa pikipiki. Agronomu alisimama mbele na karatasi zake, na uso wa mtu aliyehesabu kitu mara tano. Mashamba ishirini na matatu, akasema, yana udongo mzuri ajabu. Hauna uchachu. Una rutuba ambayo yeye, katika kazi yake, hajapata kuiona kwenye mteremko. Shamba moja tu ni chachu, tena sana.

Hakulitaja. Hakukuwa na haja. Mwenyekiti ndiye peke yake aliyekwenda shambani kwake kwa jembe lake akachota pale maharage yalipokuwa ya njano kuliko kwingine, akaleta.

"Kwa hiyo lori," agronomu akaendelea kwa sauti ya chini, "haliwezi kupandishwa hapa kwa ajili ya shamba moja. Litapelekwa kilima kingine. Nasikitika, mama."

Watu ishirini na watatu tulikuwa tunachunguza viatu vyetu, na nakuhakikishieni havikuwa viatu vya kuchunguzwa. Mtu mmoja, Mungu amsamehe, akasema, "Pole sana, mama."

Mama alikuwa amekaa kwenye dawati la mbele. Aliigeuza mikono yake, akaitazama upande huu na upande ule.

"Nilidhani ni udongo wetu sote," akasema. "Kumbe ni mkono wangu."

Nimesikia mambo mengi maishani, na mengi nimeyaongezea chumvi. Hilo sikuliongezea kitu. Liliniingia jinsi alivyolisema.

Agronomu akaturudishia mabaki ya udongo ndani ya mifuko yetu, kila mtu na jina lake. (Mnaona? Mifuko ilirudi! Mtu mwingine angeanza kufikiri. Mimi nilijiambia wamebakiza kijiko kimoja kabatini, na kijiko kinatosha.) Nilipotoka nje nikaumwagia udongo wangu chini ya mti ili nisiubebe mpaka nyumbani, na ndani yake kikaanguka kipande cha kamba nyekundu. Kabla sijakikanyaga, kiatu cha Haji kilikuwa juu yake.

Haji alizaliwa Gitega, hajawahi kuishi Tanzania, na Kiswahili chake ni cha mjini kwetu, kimechanganyika na Kifaransa: donc ni kwa hiyo, mais ni lakini. Akainama, akaokota kamba, akaigeuza.

"Sekretari. Shamba yako iko nazaa kamba?"

"Kamba gani, Haji?"

"Hii. Mi nilisuka mwenyewe. Angalia fundo. Fundo hii iko yangu, mtu mwingine hapa hafungagi hivi. Ilikatika kwa soko ya zamani, siku beberu yangu ilikimbia. Donc, beberu ilipita kwako?"

Nikamvuta pembeni nikamweleza yote: Muyinga, mifuko, kabati, ufunguo. Nilinong'ona mpaka koo likanikauka. Alinisikiliza vizuri, akaanza kutetemeka mabega, kisha akakaa chini kabisa, kanzu yake safi kwenye vumbi.

"Yampayinka! Donc mwizi akikamata mfuko yako, anakamata mavi ya mbuzi yangu! Sha, we na diploma!"

"Haji, hujui mambo ya Muyinga."

"Muyinga mi sijui. Mi nauzisha mbuzi, siuzishi udongo." Akaacha kucheka, akanyanyuka, akajipangusa. "Mais mama yule iko naenda. Unasikia? Iko naenda sababu ya kamba yangu. Akienda, samadi mi nitapelekea nani? Shemeji yake? Yule hata salamu hanipatiagi. Na nyie mutabaki hapa na udongo yenu nzuri ajabu, munakula makaratasi."

Akanitia kamba mfukoni mwa shati, akapanda pikipiki.

Wiki ile sikuziba tairi hata moja sawasawa. Sikuwa nimeacha kuamini, hilo mlielewe. Niliamini kama mwanzo. Lakini kila nilipoweka mkono mfukoni niligusa kamba, na kila nilipoigusa nilimwona mama anatazama mikono yake. Hatimaye asubuhi moja nikaenda shambani kwangu na jembe. Nililiaga. Nilizunguka mpaka wote, nikausalimu kila mgomba, nikaomba radhi kwa marehemu baba. Nililia machozi ambayo, yangeachwa yatiririke, yangefika mto Ruvubu. Mke wangu, aliyekuwa anapalilia upande wa pili, anasema nilipiga chafya mbili. Nikachota kilo moja ya udongo wa kweli, nikaupeleka Gitega ofisini kwa agronomu.

"Huu ndio wangu," nikamwambia.

"Na ule wa kwanza?"

"Ule ulikuwa wa soko la mbuzi."

Akaweka kalamu chini. "Wote?"

"Mimi nasemea wangu."

Kisha akasema atakuja kilimani Jumamosi na vichupa vyake vya maji ya kupimia uchachu, atapita shamba kwa shamba, na atachota mwenyewe. Kama wenye mashamba watakubali.

Hapo ndipo palikuwa na kazi. Siku ya Ijumaa niliita mkutano, nikasimama mbele ya mama na wote, nikasema nilichofanya. Nilisema sababu vilevile. Nilisema pia kwamba mfuko wa udongo wangu wa kweli uko ofisini, na kama shamba langu litaondoka, basi liondoke, lakini lori lipande.

Nikahisi kwamba nimejivua nguo peke yangu sokoni. Kisha mzee yule wa uwanjani akajikohoza nyuma kabisa.

"Mimi," akasema, "sikuwa na kifungo."

Akanyanyuka mama wa beseni. "Na mimi sikuwa nateka maji."

"Hilo tulilijua, mto uko kule!" mtu akapiga kelele, na darasa likapasuka. Wakaanza kunyanyuka, mmoja huyu mmoja yule, wengine wanacheka, wengine wanakasirika kwamba nani alichimba kwanza, mpaka wakafika ishirini na watatu. Nilimtazama mwenyekiti. Hakuwa anacheka. Alisubiri tumalize.

"Mlijua," akasema. "Mlikaa hapa, mkanipa pole, na mlijua."

Tukarudia kuchunguza viatu.

"Kesho," akasema, "kabla agronomu hajafika, nendeni mkafukie lile shimo. Ng'ombe wa watu ataanguka. Katibu atachukua sepetu ya kwanza."

Nilichukua ya kwanza, na ya mwisho. Mgongo uliniuma mpaka msimu uliofuata.

Agronomu akapita na vichupa vyake. Shamba kwa shamba maji yalibadilika rangi, na shamba kwa shamba alitikisa kichwa. Mashamba yote yalikuwa machachu. La mama halikuwa hata baya kuliko yote. Baya kuliko yote lilikuwa la katibu. Agronomu alisema kwa upole kwamba ni kali kidogo. Haji, aliyekuja kuangalia, alisema ningeweza kuwakamulia samaki udongo wangu badala ya limau.

Mama akachukua kichupa cha shamba lake, akakishika sambamba na changu kwenye mwanga, akalinganisha rangi. Akanirudishia changu. Mikono yake hakuitazama tena.

Tulipokuwa tumekaa juu ya kifusi cha shimo lile, tumechafuka wote, agronomu akauliza tena swali lake: mradi ukiondoka, nani atanunua chokaa? Nikaanza kufungua kurasa zangu arobaini na moja. Mama akaweka kiganja juu yake.

"Kapu," akasema. "Kila nyumba, kila mavuno, kapu moja la maharage kwenye stoo. Chokaa ikiisha, maharage yanauzwa, chokaa inakuja. Asiyeleta kapu hapati chokaa, hata akiwa katibu."

"Na mi?" Haji akauliza. "Mi sina maharage."

"Wewe unaleta samadi, unaondoka na majani. Tutapanda majani ya mabingobingo kwenye kingo za mitaro ya makinga maji, shamba hadi shamba, yaungane. Yanashika udongo, mbuzi wako wanakula, wewe unaturudishia."

"Na mtu akifa? Akihama?" agronomu akauliza.

"Mtaro haufi. Atakayelima pale ataukuta, na atalikuta kapu."

Haji akafikiri. "Kila wiki naleta. Mais majani ikauke kidogo kwanza. Majani ya maji inaharisha mbuzi."

"Ikauke," mama akasema. Mazungumzo ya mkataba yakawa yamekwisha.

Niliyaandika yote. Yalijaa ukurasa mmoja, tena kwa mwandiko wangu mkubwa. Agronomu aliusoma mara moja, akaupiga mhuri. Zile arobaini na moja mke wangu anafungia karanga, na wateja wanasifu miduara.

Lori likapanda wiki moja kabla ya mvua. Tulimwaga chokaa mpaka tukafanana na waokaji. Samadi ikaja na baiskeli nilizozitengeneza mwenyewe, na zilikatika minyororo njiani mara mbili tu. Na maharage ya mama yakatoka ya kijani. Sitasema kwamba yalifika kiunoni, ingawa nimewahi kusema. Yalikuwa ya kijani, na yalizaa. Shemeji aliacha kuhesabu miti. Siku ya mavuno mama ndiye aliyeleta kapu la kwanza stoo, akaliweka chini, akasimama kando yake, akatusubiri sisi wengine tulete, mmoja mmoja, akitutazama machoni.

Na mimi? Mimi nilikuwa nasubiri kupokonywa. Kila gari lililopanda kilima nilitoka nje nimevaa shati safi, ili nifukuzwe kwa heshima. Kila Jumapili nililipima shamba kwa hatua. Mara moja lilipungua hatua mbili nikaanguka kitandani. Mke wangu akanikumbusha kwamba nimenunua viatu vikubwa zaidi.

Baada ya mavuno mama akasema anaenda Muyinga kumwona binti yake, anaenda kutembea tu, siku nne, kisha anarudi kwake. Alilitamka hilo "kwake" polepole, mbele ya shemeji. Akataka katibu amsindikize, abebe kapu la zawadi na ule ukurasa mmoja, kwa sababu mkwe mwenzie, mama wa mume wa binti yake, naye ana ushirika huko, na wanataka kuusoma mkataba wetu. Nikakubali. Nilikwenda Muyinga kama anayekwenda kuhani msiba. Njia nzima, kupitia Karuzi, nilikuwa natunga maneno ya pole kwa watu waliopoteza kilima.

Mkwe mwenzie alitupokea shambani kwake, jembe mkononi. Walikumbatiana na mama, wakaulizana habari za wajukuu mpaka nikaanza kuota mizizi. Nikatazama huku na huku. Vilima vilikuwa vingi, vyote vipo. Nikasubiri wapumue, nikavua kofia.

"Mama," nikasema kwa sauti ya msibani, "samahani kwa kuuliza. Kile kilima kilichochukuliwa kiko upande gani?"

"Kilima gani?"

Nikaeleza. Mifuko, majina, namba, gari, kabati, ufunguo. Mwenyekiti wangu, ambaye ndiyo kwanza anasikia habari ya kabati kwa ukamilifu wake, alifunika uso kwa kitenge. Mkwe mwenzie hakucheka. Alipangusa jembe kwa vidole, akanisikiliza hadi mwisho, kama wanavyosikilizwa wagonjwa.

"Mifuko ile ilikuwa yetu," akasema. "Udongo wakapima, wakaona iko mchachu, wakaimwaga nyuma ya ofisi. Sisi tukaweka chokaa. Kilo moja ya udongo iko kilo moja ya udongo tu, mwanangu. Shamba ndiyo hii hapa, na we umekanyaga maharage yangu."